Waliolazwa Chini ya Mlima

Tezi tisa zilimwaga dawa ya maumivu kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo Daktari Yusta Mahenge alivyojua kwamba mlima umeanguka. King'ora kililia baadaye.

Alikuwa zahanati, kwenye mdomo wa handaki, akimsafisha fundi mmoja jicho. Ukutani palikuwa na ubao wa taa, kila mchimbaji na taa yake. Taa tisa za kikosi cha mbele ziligeuka nyekundu zote pamoja, kisha zikazimika. Yusta alimwachia fundi pamba mkononi akatoka mbio. Nje, vumbi la kijivu lilikuwa limeanza kutoka polepole kwenye mdomo wa handaki, kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Watu waliosimama kwenye reli walikuwa wanahesabu nani yuko ndani.

Mdogo wake, Obeti, alikuwa ndani.

Handaki lile lilichimbwa ili reli ipite chini ya milima ya Kipengere, na mwamba wake ulikuwa mgumu kuliko miili ya watu. Ndiyo maana kampuni ilileta tezi. Kila mchimbaji alipandikizwa moja, ndogo kama punje ya maharage, chini ya mtulinga. Ilitengeneza dawa humo humo mwilini na kuitoa kwa kipimo: kichangamshi kwa anayeongoza mashine asisinzie, dawa ya usingizi kwa aliyetoka zamu ya usiku, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni kwa magoti na migongo, na ya nne ya kuizima hiyo afyuni ikizidi. Yusta ndiye aliyeshika funguo za tezi zote. Bila yeye hakuna kipimo kilichobadilika.

Mwaka wa kwanza watu walimshukuru. Mwaka wa pili miili ilikwisha kuzoea. Maumivu yalirudi kabla zamu haijaisha, na tezi, ikifika kikomo chake, haikuongeza hata tone. Hapo ndipo zilipoingia njegere. Vilikuwa vidonge vidogo vya kijani, vya afyuni iliyopikwa mahali ambapo hakuna aliyepajua, leo vikali, kesho hafifu. Tezi ilijua ilichotengeneza yenyewe, lakini haikujua mtu amemeza nini. Yusta alikwisha kwenda kambini mara nyingi kueleza hatari yake, na kila mara wanaume walimsikiliza kwa heshima na kukana. Walikuwa na sababu ya kukana, kwa kuwa aliyekutwa na njegere alifukuzwa siku hiyo hiyo, na familia yake haikupata chochote hata akifia kazini.

*

Simu ya ndani iliita kabla ya adhuhuri. Bomba la hewa lilikuwa limepondwa, lakini waya mmoja ulisalimika, ule uliounganisha zahanati na kisanduku cha ukutani kule mbele. Kisanduku hicho ndicho kilichozungumza na tezi. Yusta alipopokea, Mhandisi Halfani Shemboza, mkuu wa mradi, alikuwa amesimama nyuma yake na kuagiza kipaza sauti kifunguliwe, kila neno lirekodiwe.

Aliyepiga alikuwa nyapara wa kikosi, Mzee Chaula. Aliongea taratibu, kama mtu anayesimulia mambo ya mwaka jana. Alisema wote tisa ni wazima, wawili wamevunjika mikono, macho ya kila mtu yamejaa saruji, na mahali walipo ni kama ukumbi mdogo wa kanisa. Mbele yao mwamba, nyuma yao kifusi. Taa iliyobaki ni ya kofia yake tu.

Yusta aliizima simu kwa muda, na Shemboza akapiga hesabu na wahandisi wake kwenye kona ya chumba. Shimo la kuwafikia lingekamilika kesho jioni, si kabla. Hewa iliyokuwa mle, kwa watu tisa walio macho na wenye hofu, ingeisha alfajiri.

Ni Yusta aliyesema kuhusu usingizi. Mtu aliyelazwa usingizi mzito hutumia hewa kidogo sana. Angeweza kuziagiza tezi, kupitia ule waya, ziwalaze kwa kipimo kikubwa hadi shimo lifike. Wangeweza kubaki macho watu wanne hivi. Zaidi ya hao, hesabu inavunjika. Shemboza alimtazama kwa mshangao, kisha akamwambia afanye hivyo mara moja, sasa hivi.

Yusta hakugusa kitufe. Alimweleza lililomzuia. Dawa ya usingizi huipunguzia mwendo ile sehemu ya ubongo inayokumbuka kupumua. Afyuni nayo huigusa sehemu hiyo hiyo. Tezi inajua kupatanisha zile inazozitoa yenyewe, lakini mwenye njegere tumboni angelala na asiamke. Pumzi ingepungua, ingepungua, kisha ingesahaulika. Na hapakuwa na namna ya kumtambua kutoka mbali. Kwa kawaida mtu wa afyuni hujulikana kwa mboni zilizonywea, lakini tezi zilikwisha kumwaga dawa ya maumivu mlima ulipoanguka, kwa hiyo kila mboni mle ndani ilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Basi waulize," Shemboza alisema.

"Hawatasema. Wanajua umesimama hapa."

Alimwomba atangaze msamaha. Shemboza akasema sheria ile si yake, imetoka juu, naye hana mamlaka ya kusamehe mtu. Yusta akamsihi awapigie wakubwa. Akapiga, akaongea kwa dakika chache mgongo ukiwa umegeuka, akarudi na kusema wamekataa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye binafsi hatamzuia daktari kuwaambia watu wake analoona linafaa.

Yusta alielewa alichoruhusiwa kufanya. Simu ilikuwa mkononi mwake, bado imezimwa. Hajawahi kumdanganya mgonjwa, si kwa ugonjwa mkubwa wala mdogo. Aliifikiria sauti ya Mzee Chaula, ile ya taratibu, akajua kwamba wataamini kwa sababu ni yeye.

"Mzee Chaula," alisema alipoiwasha simu, "waambie vijana kampuni imesamehe. Aliyemeza njegere leo au jana aseme, hatafukuzwa wala kunyimwa haki. Asiposema, nikimlaza atakufa."

Mwishowe watu wawili wakajitaja, mmoja baada ya mwingine, wakisogelea simu wenyewe. Wa tatu akafuata, mtu mzima mwenye wajukuu, akajitaja huku analia. Pamoja na nyapara, ambaye angebaki macho kuwaangalia wengine, walikuwa wanne. Kalamu ya karani wa Shemboza ilikuwa inatembea.

*

Obeti hakujitaja.

Yusta alikuwa amemwona Jumapili iliyopita, alipokuja kula chakula na mkewe Sekela, mwenye mimba ya miezi ya mwisho. Chumbani palikuwa na giza la mvua, na mboni za Obeti zilikuwa ndogo kama za mtu anayetazama jua. Alikula kidogo, akajikuna shingo muda wote, akacheka mahali pasipochekesha. Yusta aliona yote akajiambia ni uchovu. Angekuwa mtu mwingine, angemwita pembeni.

Alimwomba Mzee Chaula ampe Obeti simu. Mdogo wake alipoishika alisalimia, shikamoo dada, kama kawaida, kisha akahamia Kikinga, lugha ya nyumbani kwao, ambayo Shemboza hakuifahamu hata neno moja.

Alisema anameza tangu Pasaka. Leo asubuhi amemeza mbili, kwa sababu moja haikumsaidia tena. Alisema msamaha ule hauamini, na kwamba hata dada yake hauamini, anaisikia sauti yake. Na kama hauamini, basi afikirie vizuri. Akifia mle kama mchimbaji wa kawaida, Sekela na mtoto watatunzwa na kampuni. Akijitaja kisha akatoka hai, hawatapata kitu, naye ni mlevi asiye na kazi. Kwa hiyo amlaze pamoja na wengine. Alisema hayo bila kutetemeka, kama mtu anayemwomba dada yake amfungie mlango akitoka.

"Unaniomba nikuue," Yusta alisema, kwa Kikinga.

"Nakuomba unyamaze tu, dada."

Shemboza aliuliza wanazungumza nini. Mbele ya Yusta palikuwa na vitufe tisa. Angeweza kumwacha Obeti macho bila kusema neno, lakini hesabu ilikuwa imekwisha kufungwa. Mtu wa tano aliye macho angeonekana, na angeulizwa kwa nini. Angeweza kumlaza, na hakuna mtu duniani angemlaumu.

"Obeti Mahenge amemeza njegere," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika chumba kizima na kule chini. "Mbili, leo asubuhi. Halazwi."

Shemboza alikuwa karibu na kipaza sauti kuliko alivyodhani. Sauti yake ilishuka na waya hadi ndani ya mlima, wazi kabisa: "Huyo naye andika. Wanne sasa, akiwamo ndugu wa daktari. Wakitoka washughulikiwe wote."

Alipotambua kwamba taa ya simu inawaka, alikwisha maliza. Mzee Chaula alikohoa. Yusta aliuliza mara mbili kama yuko mwenye neno, na mara zote mbili Mzee Chaula akajibu kwamba hakuna.

Akawalaza watu wanne.

*

Saa za kwanza zilikwenda vizuri. Mzee Chaula alipita kati ya waliolala akiwawekea kiganja kifuani na kumtajia Yusta pumzi zao. Walio macho walikuwa wamelala chali, kimya, wakivuta hewa kidogo kidogo kama walivyoelekezwa, ili hewa ya wanne iwatoshe watano. Obeti alikataa kuongea na simu.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima Mzee Chaula alipopunguza sauti na kusema kwamba Nuhu anapumua vibaya.

Nuhu Tweve alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Bulongwa, mtaratibu, mtu wa kwaya, aliyekuwa akimletea Yusta viazi kutoka shamba la baba yake kila aliporudi likizo. Hakuna aliyewahi kumshuku. Yusta aliagiza tezi yake itoe ile dawa ya nne. Baada ya muda mfupi Nuhu akavuta pumzi ndefu, akafungua macho, akauliza kama wamefika. Mzee Chaula alicheka kwa furaha. Yusta hakucheka. Akiba ya dawa ile ilikuwa imepimwa kwa ajili ya afyuni ya tezi, iliyo nyepesi na ya muda mfupi. Njegere ilikaa mwilini nusu siku.

Nuhu akasinzia tena. Yusta akatoa kipimo cha pili, ambacho kilikuwa cha mwisho. Kijana akarudi, mara hii bila kufungua macho, na baadaye akashuka tena, chini zaidi.

Ni Obeti aliyeinuka. Alipiga magoti kando ya Nuhu, akambana pua, akaanza kumpulizia mdomoni. Alifanya hivyo bila kuombwa na mtu. Mzee Chaula alisimulia kwenye simu: kifua kinapanda, kinashuka, rangi inarudi midomoni. Yusta alifumba macho na kusikiliza.

Lakini mtu anayepumua kwa ajili ya wawili anahema kama mkimbiaji. Baada ya saa moja Mzee Chaula alisema kichwa kinamgonga. Baadaye akasema mmoja wa walio macho ametapika na mwingine anaongea maneno yasiyoeleweka. Shemboza, ambaye sasa alikuwa ameketi na tai yake mkononi, alisema kwa upole ambao Yusta hakuutarajia kwamba yule kijana hawezi kupuliziwa hadi kesho jioni, na kwamba hewa anayopewa ni ya wenzake wanane.

Alikuwa anasema kweli. Yusta alimchukia kwa hilo. Alihesabu upya, akatafuta mahali hesabu ilipokosea, hakupaona.

Akamwita mdogo wake kwenye simu, naye akakataa. Basi akamwambia Mzee Chaula amsogezee simu sikioni huku anapuliza.

"Obeti," alisema. "Mwache."

Alisikia pumzi zikiendelea, moja, nyingine, nyingine tena. Kisha akasikia kimya. Kisha akamsikia mdogo wake akilia, na Mzee Chaula akimwambia alale chali, alale chali asipoteze hewa.

*

Shimo lilifika siku iliyofuata kabla ya jioni. Wanane walitoka hai. Kampuni ilitangaza kwamba Nuhu Tweve ameuawa na mwamba, na wakubwa wakatuma pongezi kwa namna tezi zilivyookoa maisha. Kabla mwezi haujaisha, ilikuja amri kwamba kitufe cha kulaza watu kihamishiwe ofisini kwa mkuu wa mradi. Watatu waliojitaja waliachishwa kazi kwa barua. Obeti naye aliachishwa. Alilala nyumbani kwa Yusta akitetemeka na kutokwa jasho, miguu ikimcheza, huku mwili ukiidai njegere, na Sekela akamfunika na kumfunua. Alipokea maji kutoka kwa dada yake, lakini hakumtazama usoni.

Mzee Chaula alikuja kumwona Yusta zahanati. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa akaeleza jambo ambalo hakulisema kwa maofisa. Obeti alipotajwa, Nuhu alikuwa amekwisha inuka. Alikuja hadi karibu na simu, akanyoosha mkono aipokee. Ndipo ile sauti ikasema washughulikiwe wote. Nuhu akarudi kuketi, akalikunja koti chini ya kichwa.

"Na mimi nikakwambia hakuna mwenye neno," Mzee Chaula alisema. "Nilidhani ana haki ya kuchagua."

Yusta alikwenda Bulongwa peke yake. Alimkuta baba yake Nuhu, Mzee Tweve, akipalilia viazi kwenye mteremko wenye ukungu. Alinawa mikono kwa maji ya kidumu, akamkaribisha kwenye kigogo, akapokea pole. Alisema wakubwa walikuja na gari, wakaleta sanduku na maneno mazuri, na wamesema watamtunza. Kisha akauliza jambo moja.

"Nilimwosha mimi mwenyewe, daktari. Nilimgeuza mwili wote. Jiwe lilimpiga wapi?"

Njiani kote Yusta alikuwa ametayarisha maneno. Alijua akisema kweli mzee huyu hatatunzwa na mtu. Alijua pia kwamba kule kambini njegere zilikuwa bado zinamezwa, na kwamba kila aliyemeza alikuwa na tezi kifuani na kitufe chake ofisini kwa Shemboza.

Akamweleza yote. Vidonge, usingizi, msamaha wa uongo, jina la mdogo wake, mkono ulionyooshwa. Akamweleza kwamba Nuhu alipuliziwa pumzi na ikasaidia, na kwamba ni yeye, Yusta, aliyesema aachwe.

Mzee Tweve alibonyeza bonge la udongo kwa vidole hadi likawa vumbi.

"Wako wangapi wanaomeza?" aliuliza mwishowe.

"Sijui. Wengi."

"Wanajua kilichomuua mwanangu?"

"Wanajua ni jiwe."

Akalichukua tena jembe lake. "Waambie," alisema. "Mimi shamba ninalo."

Zamu ya asubuhi ilikuwa inapanda toroli Yusta aliposimama mbele ya mdomo wa handaki. Hakuwa na kipaza sauti. Alisema Nuhu Tweve hakuuawa na jiwe, akasema aliuawa na nini, akasema yeye aliwaahidi watu msamaha ambao haukuwapo. Mlinzi mmoja alikwisha anza kumpigia simu Shemboza. Wachimbaji walisikiliza kwa heshima kama walivyozoea, macho yakiwa kwenye viatu vyao, kisha wakaendelea kupanda, kofia moja baada ya nyingine, hadi toroli likajaa.

Dereva akapiga honi. Mtu mmoja nyuma kabisa, mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine bado kwenye kokoto, hakupanda. Wenzake walimwita. Honi ikapigwa mara ya pili. Akautoa mguu kwenye ngazi, toroli likaondoka, na giza likawameza wengine wote.